Kumsimamia Kijana Hadi Shahada ya Uhandisi au Sayansi Marekani: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Walezi

Kila mwaka katika jumuiya zetu za wazungumzaji wa Kiswahili za Lexington, Des Moines na miji mingine ya Marekani tunawapongeza vijana waliomaliza sekondari na kutangaza kwamba wanakwenda kusomea uhandisi, kompyuta au biolojia, na baada ya mihula mitatu au minne wengi wao huwa wamehamia kozi nyingine au wameacha chuo kabisa. Mzazi huambiwa kwamba kijana hakuiweza hisabati, naye hukubali kwa sababu hana cha kupinga. Mara nyingi maelezo hayo hayatoshi. Masomo haya hupangwa kwa mfuatano ambao kozi moja hufungua nyingine. Kozi moja ikikwama, zilizo nyuma yake zote husimama, na kwa kawaida hakuna mtu mzima aliyekuwa akiutazama mfuatano wote.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima huyo, awe mzazi, mjomba, shangazi, dada mkubwa, mchungaji au imamu. Huna haja ya kujua kalkulasi, yaani ile hisabati ya juu (calculus) ambayo uhandisi husimama juu yake. Unahitaji kujua mpangilio wa kozi, tarehe za mwisho na maswali ya kuuliza.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Matokeo yote ya shule ya kijana, pamoja na yale ya makazi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, au ya mji wa Bukavu, yakiwa na tafsiri ya Kiingereza.
- Hati ya uhamiaji: fomu ya I-94 inayoonyesha kwamba alipokelewa kama mkimbizi, kadi ya ukaazi wa kudumu, au cheti cha uraia.
- Taarifa za kodi za mwaka uliotangulia ule uliopita, kwa kuwa maombi ya msaada wa fedha hutazama nyuma miaka miwili.
- Mchoro wa mfuatano wa kozi wa idara husika. Karibu kila idara ya uhandisi huuweka kwenye tovuti yake. Uchapishe na uubandike ukutani.
- Kalenda ya chuo yenye tarehe za kujiandikisha, za kuacha kozi na za mitihani.
- Fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mwanafunzi. Sheria ya Marekani iitwayo FERPA humpa mwanafunzi wa chuo mamlaka juu ya kumbukumbu zake, na kwa hiyo bila ridhaa hiyo ofisi inaweza kukataa kukwambia lolote, hata kama wewe ndiye unayelipa ada.

## Hatua ya 1: Rekebisha hisabati ya sekondari mapema

Sekondari za Marekani hufundisha hisabati kwa mpangilio wa Aljebra I, Jiometri, Aljebra II, Prekalkulasi, kisha Kalkulasi. Anayeanza Aljebra I darasa la 8 anaweza kufika kalkulasi darasa la 12, na anayeianza darasa la 9 hufika prekalkulasi. Kijana aliyewasili akiwa na miaka 15 au 16 mara nyingi hupangiwa darasa kwa kutazama Kiingereza chake, akarudishwa Aljebra I ilhali alisoma Math-Physique (mchepuo wa hisabati na fizikia wa sekondari za Kongo) kule Uvira na alikwisha kuzigusa mada za kalkulasi kwa Kifaransa.

Nenda shuleni ukiwa na matokeo ya zamani na uombe kijana apimwe hisabati peke yake, kwa msaada wa mkalimani. Ikiwa amechelewa kweli, omba asome Jiometri na Aljebra II katika mwaka mmoja, au asome kozi ya kiangazi, au ajiandikishe katika kozi za chuo akiwa bado sekondari pale jimbo linaporuhusu.

Tahadhari. Zipo kozi za hisabati zinazotosha kumpa kijana cheti cha sekondari lakini hazimsogezi kuelekea uhandisi. Usiulize kama kozi inatosha kuhitimu. Uliza kama inampeleka kwenye kalkulasi.

Dalili ya kufanikiwa. Anamaliza darasa la 12 akiwa amefaulu prekalkulasi kwa alama ya B au zaidi.

## Hatua ya 2: Chagua chuo kwa kutazama wanaomaliza

Jina kubwa la chuo haliwezi kumsaidia mwanafunzi asiyemaliza. Serikali ya Marekani huchapisha bure, kupitia College Navigator, asilimia ya wanaohitimu katika kila chuo, ikigawanywa kwa makundi ya kijamii. Tafuta kundi la wanafunzi Weusi, kwa kuwa ndimo mtoto wako atakamohesabiwa awe ametoka Kigoma, Mombasa au Goma, na ulilinganishe na wastani wa chuo kizima. Pengo likiwa kubwa, uliza ni kwa nini.

Kwa uhandisi, hakikisha programu imeidhinishwa na ABET, shirika linalokagua ubora wa programu za uhandisi. Kisha soma jina la shahada kwa makini, maana uhandisi na teknolojia ya uhandisi ni shahada mbili tofauti, na ya pili inaweza kumwekea mhitimu vikwazo anapoomba leseni ya mhandisi katika baadhi ya majimbo.

Baadaye tafuta kama chuo kina mpango maalumu wa kuwasindikiza wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo katika fani hizi. Mpango wa LSAMP, ulioanzishwa mwaka 1991 na Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani na kupewa jina la mbunge Louis Stokes wa Ohio, huviunganisha vyuo kadhaa kwa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, kina mpango wa Meyerhoff ulioanza mwaka 1988, ambao ulilenga kwanza vijana wa kiume Weusi na baadaye ukafunguliwa kwa wote. North Carolina A&T ya Greensboro, chuo cha kihistoria cha Weusi, ni miongoni mwa vyuo vinavyotoa wahandisi Weusi wengi zaidi nchini. Huko ndiko alikosomea fizikia Ronald McNair, mwanaanga aliyefariki katika ajali ya Challenger mwaka 1986, ambaye jina lake limepewa mpango wa serikali wa kuwaandaa wanafunzi kwa shahada ya uzamivu.

Tahadhari. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023 iliyozuia vyuo kutazama rangi ya mwombaji katika udahili, mipango mingi imebadili masharti na sasa hutazama zaidi kipato cha familia au kama mwanafunzi ni wa kwanza katika familia yake kusoma chuo. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilisitisha ruzuku kadhaa za aina hii. Kwa hiyo usiutegemee ukurasa wa zamani wa tovuti. Piga simu na uulize kama mpango unapokea wanafunzi mwaka huu. Vijana wetu wengi wanaangukia katika masharti hayo mapya, na inashangaza ni wangapi hawaombi kwa kudhani hawahusiki.

Chuo cha jamii cha miaka miwili ni njia nzuri na ya gharama nafuu, kwa sharti moja: makubaliano ya uhamisho yapatikane kwa maandishi, yakionyesha kozi kwa kozi ni zipi zitakazokubaliwa na idara ya uhandisi ya chuo kikuu anachokusudia kuhamia. Diploma ya sayansi ndiyo hujengwa kwa ajili ya kuhama. Ile ya sayansi tumizi humwandaa mtu kuingia kazini, na krediti zake nyingi (vipimo vya kozi alizokamilisha) hupotea njiani.

## Hatua ya 3: Kamilisha maombi ya fedha bila kosa la "mzazi"

Maombi ya FAFSA, yaani fomu ya serikali ya shirikisho ya kuomba msaada wa fedha za masomo, hufunguliwa kwa kawaida Oktoba 1 kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata. Raia, mwenye ukaazi wa kudumu na mkimbizi wanaweza kuomba, lakini mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hawezi. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia kiwango cha juu cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2025–26. Majimbo na vyuo vingi hutoa fedha zao kwa wanaowahi, na kwa hiyo kungoja hadi Machi ni kuacha pesa mezani kwa wengine.

Kosa linalowaangusha watu wetu kuliko yote ni hili: mjomba, shangazi, bibi au kaka anayemlea kijana hahesabiwi kuwa mzazi katika FAFSA isipokuwa kama amemwasili kisheria. Ukijaza kipato chako kama baba ilhali wewe ni baba mdogo, maombi yanakuwa na taarifa isiyo sahihi hata kama nia yako ni njema. Kijana ambaye wakati wowote tangu atimize miaka 13 wazazi wake wote wawili walikuwa wamefariki, hata kama walifariki kabla ya hapo, au aliyewekwa chini ya ulezi na mahakama, huhesabiwa kuwa anajitegemea. Aliyetenganishwa na wazazi kwa sababu ya ukimbizi anaweza kueleza hali hiyo katika fomu yenyewe kama hali isiyo ya kawaida, kisha ofisi ya fedha ya chuo itaomba ushahidi.

Dalili ya kufanikiwa. Barua ya chuo imefika, na umeweza kupiga mstari chini ya kiasi ambacho ni ruzuku na kukitenga na kiasi ambacho ni mkopo. Kama hujaweza kuvitenganisha, usisaini.

## Hatua ya 4: Usikubali mtihani wa kupangiwa darasa ufanywe usiku wa manane

Kabla ya kuanza chuo, mwanafunzi hufanya mtihani wa hisabati kwenye kompyuta, mara nyingi nyumbani, na wengi huuchukulia kama fomu nyingine ya kujaza. Mtihani huo ndio huamua kama ataanza na kalkulasi au aljebra. Anayeanza na aljebra hutumia karibu mwaka mzima kabla ya kuifikia Kalkulasi I, na fizikia ya wahandisi haiwezi kuanza bila hiyo kalkulasi, wala kozi ya nguvu tuli bila hiyo fizikia. Shahada ya miaka minne inakuwa ya mitano hivi hivi, na Pell ina ukomo wa miaka sita ya masomo ya muda wote kwa maisha yote.

Mpe kijana wiki kadhaa za kujisomea. Vyuo vingi huruhusu mtihani kurudiwa baada ya kufanya mazoezi ya programu hiyo hiyo. Aufanye akiwa amelala vizuri, bila simu, na bila msaada wa mtu, kwa sababu kupandishwa kwenye darasa asiloliweza ni hasara kubwa kuliko kupangiwa la chini.

Kama chuo kina kozi ya kiangazi ya maandalizi, mpeleke hata ikibidi apoteze mshahara wa ghalani kwa wiki sita.

## Hatua ya 5: Jenga kikundi cha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza

Hii ndiyo hatua ninayoomba isirukwe.

Katika miaka ya 1970 mwanahisabati Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alitaka kujua ni kwa nini wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka kalkulasi kwa wingi ilhali wengi wao walikuja na sifa nzuri za sekondari. Wenzake walidhani sababu ni uvivu, maandalizi duni, umaskini au familia zisizojali. Alipowafuatilia wanafunzi wenyewe, dhana hizo hazikusimama. Weusi walisoma kwa bidii, lakini kila mmoja alijifungia peke yake, akitenganisha kabisa masomo na urafiki. Wanafunzi wa asili ya Kichina walisoma peke yao kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakakosoana, wakabadilishana habari za jinsi mwalimu anavyosahihisha. Treisman akaanzisha warsha ambamo wanafunzi walishughulikia kwa pamoja maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo yakabadilika sana.

Zingatia kwamba hakuwapa masomo ya ziada ya watu wanaoshindwa. Aliwapa kazi ngumu zaidi, pamoja na watu wa kuifanya nao. Kijana wetu aliyefundishwa nyumbani kwamba mtu mzima hulia chumbani peke yake atapata tabu na jambo hili, hasa akiwa ndiye pekee mwenye lafudhi ya Kiswahili katika darasa la watu 200. Mtie moyo kwa vitendo.

Kikundi kiendeshwe hivi:

1. Kiwe na watu wanne hadi sita wanaosoma kozi ileile, wa asili yoyote. Wapatikane wiki ya kwanza au ya pili. Tawi la NSBE, chama cha wahandisi Weusi kilichoanzia Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1975, ni mahali pazuri pa kuanzia.
2. Wakutane mara mbili kwa wiki, siku na saa zisizobadilika, kwa muda wa saa mbili kila mara.
3. Kila mmoja aje akiwa amekwisha kujaribu maswali peke yake, hata kama amekosa. Asiyejaribu ataishia kunakili, na kwenye mtihani hatakuwa na wa kumnakili.
4. Aliyelipata swali alieleze ubaoni, na wengine waulize hadi waridhike. Anayeeleza ndiye hufaidika zaidi.
5. Nusu saa ya mwisho ichukue swali moja gumu kuliko yote ya kazi ya nyumbani, au swali la mtihani wa zamani.
6. Lililowashinda wote walipeleke kwa profesa katika saa zake za kupokea wanafunzi. Waende wawili au watatu, kwani kijana aliyelelewa kutomsumbua mwalimu huona haya kwenda peke yake.

Wewe mzazi una nafasi hapa. Toa sebule, chai na chapati, kisha uondoke. Jumuiya yenye kanisa, msikiti au ukumbi inaweza kutenga chumba chenye ubao Jumamosi asubuhi, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu akaombwa awepo.

Tahadhari. Kozi ya fizikia isiyotumia kalkulasi, ambayo wakati mwingine hupendekezwa kwa kuwa ni rahisi, haihesabiwi katika shahada ya uhandisi. Aidha, idara nyingi hudai alama ya C kamili. C yenye alama ya kutoa haitoshi kuendelea na kozi inayofuata.

Dalili ya kufanikiwa. Kufikia wiki ya sita kijana anawataja kwa majina wenzake watatu wa kalkulasi, na profesa mmoja anamfahamu kwa jina. Ukiuliza na asiwe na jina hata moja, usingoje matokeo ya muhula.

## Hatua ya 6: Punguza zamu, na umtoe kwenye kazi ya ukalimani

Krediti 12 kwa muhula hutosha kumfanya mwanafunzi ahesabiwe wa muda wote, lakini anayetaka kumaliza kwa miaka minne anahitaji wastani wa 15 au zaidi. Mzigo huo hauendi pamoja na zamu za usiku kwenye kiwanda cha nyama. Ikibidi afanye kazi, atafute kazi ya ndani ya chuo isiyozidi saa chache kwa siku, hasa kupitia mpango wa kazi kwa wanafunzi unaotokana na FAFSA.

Lipo pia jambo tusilopenda kulisema. Kijana anayejua Kiingereza huwa mkalimani wa ukoo mzima, akakosa maabara ili ampeleke bibi hospitali. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zina wajibu wa kutoa mkalimani bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi. Kuhusu pesa za kutuma nyumbani, kaka na dada zake wanaofanya kazi wakae kikao na kumwondoa kwenye mchango mpaka ahitimu, na uamuzi huo uwafikie ndugu wa Kigoma na Uvira kutoka kwako wewe mkubwa, wasiusikie kwake.

## Hatua ya 7: Mwingize maabara mwishoni mwa mwaka wa kwanza

Mwanafunzi aliyeshika kazi halisi ya fani yake huvumilia kozi ngumu kwa sababu anajua zinampeleka wapi. Taasisi ya Taifa ya Sayansi hufadhili utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, unaoitwa REU, ambao humlipa posho. Ni kwa raia na wenye ukaazi wa kudumu, kwa hiyo mkimbizi aombe kadi ya ukaazi mara atimizapo mwaka mmoja nchini. Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi, na huhitaji barua za maprofesa. Hapo ndipo kule kujulikana kwa jina kunapolipa. Wanaoelekea viwandani waanze maonyesho ya ajira ya chuo katika muhula wa vuli wa mwaka wa pili.

## Hatua ya 8: Akianguka kozi, chukua hatua ndani ya siku chache

Kuanguka Kalkulasi II hakumalizi safari. Kinachoimaliza ni kukaa kimya. Kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha kozi, kijana akutane na mshauri wa masomo na ofisi ya fedha siku hiyo hiyo, kwa sababu kuacha kozi huinusuru GPA (wastani wa alama zake) lakini hupunguza asilimia ya krediti zilizokamilishwa. Vyuo vingi hudai GPA ya 2.0 na kukamilisha takriban theluthi mbili ya krediti zilizoanzwa. Akishuka chini ya hapo msaada wa fedha unaweza kukatwa. Ukikatwa, ana haki ya kukata rufaa akieleza sababu kama ugonjwa au msiba, akiambatisha ushahidi na mpango wa kurekebisha.

Arudie kozi mara moja, katika kiangazi ikiwezekana, akiwa na kikundi kipya. Akitaka kuirudia kwenye chuo cha jamii, apate kwanza idhini ya maandishi ya idara yake.

Na usimgombeze siku hiyo. Kijana anayeogopa matokeo kufika nyumbani huficha barua ya onyo, na barua hiyo ina tarehe.

## Hatua ya 9: Kagua krediti mwaka mmoja kabla ya kuhitimu

Mwishoni mwa mwaka wa tatu, achapishe ripoti ya ukaguzi wa shahada kutoka mfumo wa chuo na ailinganishe na mchoro ulio ukutani, mstari kwa mstari, pamoja na mshauri wake. Kozi zinazofundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka ndizo huchelewesha watu, hivyo zipangwe kwanza. Ombi la kuhitimu lina fomu yake na tarehe yake, na chuo hakitamjazia.

Kwa wahandisi, mwaka wa mwisho ndio wa kufanya mtihani wa misingi ya uhandisi, uitwao FE, unaosimamiwa na NCEES na ambao ni hatua ya kwanza kuelekea leseni. Hufanyika kwenye vituo vya kompyuta mwaka mzima. Ajiandikishe angali anakumbuka kalkulasi na fizikia ya miaka ya mwanzo.